Baba wa Arlen

Mtu hamhukumu baba yake mzazi kwa wepesi. Humwonea haya, au humwogopa, au humhurumia, na pengine hufanya yote matatu kwa siku moja. Baba wa kuchorwa hana ngome hiyo. Hukumu yake hutolewa usiku ule ule anapoonekana katika televisheni, na ndugu wawili waliomtazama pamoja huweza kuinuka mmoja akimpenda na mwingine akimchukia. Miongoni mwa akina baba waliowagawanya watazamaji namna hiyo yumo Hank Hill, wa mchezo wa katuni uitwao King of the Hill, ulioanza kuonyeshwa na kampuni ya Fox nchini Marekani mwezi wa Januari, 1997. Watungaji wake ni Mike Judge na Greg Daniels, na Judge mwenyewe ndiye aliyempa Hank sauti: sauti kavu, ya polepole, ya mtu anayepima maneno kama mwenye duka apimavyo sukari.

Hank anakaa Arlen, mji wa kubuniwa katika jimbo la Texas. Ni msimamizi msaidizi katika duka la Bwana Buck Strickland, ambako huuza gesi ya propeni na vifaa vyake, gesi ya jamii moja na ile ya mitungi inayopikia katika nyumba nyingi za kwetu. Na kazi hiyo huitaja kwa heshima kama mwingine atajavyo uanasheria au utabibu. Hukata majani ya uwanja wake kwa uangalifu wa kinyozi. Jioni husimama uani na rafiki zake watatu wakinywa bia, na aghalabu hawasemi jambo lolote la maana. Mkewe, Peggy, ni mwalimu wa muda wa Kispania, ambaye Kispania chake ni kibovu kuliko anavyodhani. Mwanawe wa pekee ni Bobby, kijana mnene, mchangamfu, asiyependa mpira wala ubavu, ambaye furaha yake ni kuwachekesha watu. Baba aliomba mchezaji, akapewa mchekeshaji. Mchezo wote umejengwa juu ya jambo hilo moja.

Ili kumfahamu vema, yapasa tumweke kati ya wenzake. Mwaka 1960 televisheni ya Marekani ilimpata Fred Flintstone, baba wa enzi ya mawe, mwenye makelele na tamaa za ghafula, akaonyeshwa hata 1966. Mwaka 1989 mchezo wa The Simpsons ulimleta Homer, mlafi, mvivu, mwenye hasira za kitoto. Hao ni akina baba wa kujikwaa na kuanguka. Mtazamaji huwacheka kwa amani, kwa sababu hujiona ana akili kuwapita. Hank hampi mtazamaji zawadi hiyo. Ana akili timamu, hujua kutengeneza kila kitu kinachoharibika nyumbani mwake, hulipa madeni yake, na uongo humshinda. Kichekesho chake hakitoki katika upumbavu bali katika uzito. Ni kama mtu aliyevaa koti la baridi katika jua la saa saba: jasho linamtoka, wala hataki kulivua, kwa kuwa koti ni la heshima. Wako wanaomwona mtu huyo wakacheka. Wako wanaomwona wakamstahi. Na wako wanaomwona wakakumbuka nyumbani kwao, na hao ndio wenye hukumu kali kupita wote.

Hoja za wasiompenda si hafifu, wala haifai kuzipuuza kama wafanyavyo mashabiki wake. Wa kwanza wao husema: sikilizeni anavyonena juu ya mtoto wake. Kila Bobby anapofanya jambo lisilo la kawaida, baba hunung'unika kwamba kijana yule hayuko sawa. Watazamaji wamelifanya neno hilo kuwa la mzaha na kulirudia kwa kicheko; lakini mtoto wa miaka kumi na miwili anayelisikia kwa baba yake hana sababu ya kucheka. Wahenga walisema maneno mema hutoa nyoka pangoni, na Hank maneno mema hana. Wengine hulaumu ufinyu wake. Katika sehemu moja ya mwaka 1997 anahamia jirani mpya, Kahn, mtu wa asili ya Laos; Hank na rafiki zake wanamuuliza kama yeye ni Mchina au Mjapani, naye akiwaeleza hawaelewi. Ajabu ya mambo, anayemtambua Kahn mara moja kuwa ni mtu wa Laos ni Cotton, baba yake Hank, mzee mwenye chuki nyingi. Watungaji waliupanga mzaha huo kwa makusudi: mwenye chuki alikwenda vitani akaiona dunia, na muungwana hajatoka kwake. Tena liko jambo la Bwana Strickland. Huyo ni mcheza kamari na mzinzi, na kila mtu mjini anajua. Hank, ambaye hasamehe hata majani yaliyokatwa ovyo, humtukuza kama mzazi. Kwa mtu anayejidai kupenda haki, upofu huo ni mkubwa.

Mimi nitaongeza lawama moja, nayo si juu ya Hank bali juu ya waliomtunga. Tutazame sehemu ya kwanza kabisa. Bobby anapigwa na mpira usoni mchezoni, na jicho lake linavilia damu. Siku zile zile Hank anaonekana dukani akimfokea karani asiyejua kazi. Uvumi unazaa uvumi, na afisa wa ustawi wa watoto anafika nyumbani kuuliza kama baba anampiga mtoto. Swali hilo ni zito. Lingeweza kuulizwa na mtu mwenye busara, nasi tungeketi tukatetemeka pamoja na Hank. Lakini watungaji wamemfanya afisa kuwa kijana mjinga, mgeni kutoka Los Angeles, anayetoa hukumu kabla ya kupata ushahidi. Hatimaye mkubwa wake mwenyewe anamwondoa. Hivyo Hank anashinda bila ya kupigana. Hila hii inarudi mara nyingi katika miaka kumi na mitatu ya mchezo huu: kila mara mwenye fikira mpya anapokuja Arlen, huja akiwa mpumbavu, au tapeli, au mwenye majivuno, ili fikira za kale zionekane kuwa ndizo hekima. Mtazamaji asiyempenda Hank huona kwamba mizani imetiwa kidole, na ni kweli, imetiwa.

Walakini sehemu hiyo hiyo ina jambo jingine, na kwa ajili yake mchezo ukaishi. Bobby amegundua kwamba baba hathubutu tena kumwadhibu, naye anaitumia nafasi hiyo kwa utundu. Chini ya utundu huo kuna huzuni: mtoto anaamini kuwa baba yake amemkatia tamaa. Hank anapoambiwa hivyo anashtuka kuliko alivyoshtushwa na afisa. Anakwenda kwa mwanawe, anasimama, anakohoa, anaanza sentensi na kuiacha njiani. Mwishowe anamwambia kwamba anampenda, lolote atakalolifanya. Maneno hayo yanamtoka kama msumari unaong'olewa ubaoni. Na Bobby, kwa kuwa ni Bobby, anauliza mara moja kama ni kweli, lolote atakalolifanya? Tunacheka, lakini tumekwisha kuona ni kazi gani mtu huyu ameifanya. Homer Simpson angeweza kuyasema maneno hayo na kuyasahau kabla ya chakula cha jioni. Kwa Hank yana bei, na mtazamaji huthamini kitu kwa kadiri anavyoona kimelipiwa.

Ugumu huo umetoka wapi? Mtoto akibebwa hutazama kisogo cha nina, na Hank alitazama kisogo cha Cotton. Mzee Cotton alipoteza miundi ya miguu yake katika Vita Kuu ya Pili, nyayo zake zikaunganishwa na magoti, na tangu hapo hutembea duniani kama mtu anayedai fidia kwa kila anayekutana naye. Mkaza mwanawe hamwiti kwa jina. Humwita mke wa Hank, basi. Hank akiwa mtu mzima, Cotton alizaa mtoto mwingine wa kiume kwa mke wa pili, akampa jina la Good Hank, yaani Hank Mwema. Msomaji apime mwenyewe jina hilo lamwambia nini yule wa kwanza. Na Hank alifanya nini? Alikunja uso, akaendelea kumheshimu baba yake.

Hapa, kwa maoni yangu, ndipo watungaji wanapofika katika kina, kwa kuwa hapa mshindani wa Hank si mpumbavu wa kuazimwa kutoka Los Angeles. Ni damu yake. Iko sehemu ya mwaka 1997 ambayo ningemwonyesha mtu yeyote anayemchukia Hank. Bobby anagundulika kuwa mlenga shabaha hodari. Baba anafurahi kupita kiasi. Hatimaye upo mchezo mmoja ambao wote wawili wanaweza kuupenda. Wanaandikishwa katika mashindano ya baba na mwana. Lakini Hank mwenyewe hawezi kulenga mbele ya watu. Makemeo ya Cotton ya utotoni yangali mkononi mwake, na mkono unatetemeka. Siku ya mashindano anakosa, na ushindi unapotea. Hank anainamisha kichwa akingoja lawama, maana katika nyumba aliyokulia kukosa kulifuatwa na lawama siku zote. Bobby analipuka kwa furaha: wamekuwa wa pili! Yeye hajawahi kuwa wa pili katika jambo lolote. Tazama uso wa Hank wakati huo. Ni uso wa mtu aliyejiandaa kupigwa akakumbatiwa. Wasemao kwamba Hank hakumpa mwanawe kitu wangeulizwa: mtoto asiyemwogopa baba aliyeshindwa alilelewa na nani?

Jambo la pili la kumtetea halimhusu Bobby, bali laonyesha ni wapi kiburi chake kinakomea. Kati ya rafiki zake watatu yuko Bill, kinyozi wa jeshi, ambaye mkewe Lenore alimwacha zamani na hajapona. Katika sehemu ya Krismasi ya mwaka 1998 huzuni inamfikisha Bill ukingoni mwa kujiua. Hank anamlinda usiku na mchana hata anachoka na kukasirika. Kisha akili ya Bill inapotea, naye anavaa gauni la Lenore na kujifanya ndiye Lenore mwenyewe, tena mbele ya wageni wa karamu. Watu wanaanza kucheka. Kwa mwanamume wa desturi za Hank hapana aibu inayoizidi hiyo. Naye anafanya nini? Anavaa gauni, anaingia mbele ya wote, anasema kuwa yeye ndiye Lenore, ili Bill apate mtu wa kumwambia maneno aliyoyaficha moyoni miaka yote. Sijui mhusika mwingine wa katuni aliyelipa gharama kubwa namna hiyo kwa rafiki. Na jambo la kupendeza ni kwamba Hank habadiliki kwa tendo hilo. Kesho yake ni yule yule, mzito, mwenye koti lake katika jua. Watungaji hafifu wangemgeuza kuwa mtu mpya.

Basi twaweza kuona kwa nini makundi mawili ya watazamaji hayapatani. Moja linamsikiliza Hank, jingine linamtazama. Linalomsikiliza linasikia manung'uniko, na halikosei, kwani yapo. Linalomtazama linaona chumba chake cha faragha alichompa Luanne, mpwa wa mkewe, mama yake Luanne alipofungwa. Analalamika kuhusu chumba hicho kila mara, wala hamfukuzi. Mimi niko upande wa wanaotazama, ila sipendi wanavyowadharau wale wengine. Mtoto huishi na masikio pia. Bobby alipata bahati ya kuzaliwa na moyo mwepesi. Angekuwa na moyo kama wa Bill, nani ajuaye manung'uniko yale yangemfikisha wapi? Mchezo haukuthubutu kuuliza swali hilo hata mara moja kwa ukamilifu, na hilo ni pengo.

Mwaka 2025 mchezo ulirudi. Hank na Peggy wanarejea Arlen kutoka Saudi Arabia, alikofanya kazi ya gesi, na Bobby sasa ni kijana wa miaka ishirini na mmoja, mpishi katika mkahawa huko Dallas unaochanganya vyakula vya Kijapani na vya Kijerumani. Mzee amekuta mji umemtangulia, naye anajifunza upya, polepole, kama afanyavyo kila kitu. Lakini mbegu ya upishi huo ilikwisha pandwa katika sehemu iliyotungwa kuwa ya mwisho, ya mwaka 2009, ambamo Bobby anaonekana kuwa na kipaji cha kuikagua nyama na kuijua daraja yake. Wako wanaolalamika kwamba huo ulikuwa mwisho wa kumpendeza Hank tu, kwamba mtoto alilazimishwa kuingia katika mapenzi ya baba. Mimi naona kila mmoja alisogea hatua. Nyama ni ya Hank, lakini jicho na mkono ni vya Bobby, na baba hakumfundisha kipaji hicho. Wamesimama bega kwa bega mbele ya jiko la gesi, moshi mwembamba unapanda, majirani wanaanza kukusanyika kwa harufu. Na Hank, safari hii, hatafuti neno la kusema.