Ufundi Uliomo Ndani ya Mlango wa Pikapu

Gereji zetu zina madaraja yake ya heshima. Fundi injini yuko juu ya wote. Fundi gia boksi anamfuata, fundi umeme ana wateja wanaomsubiri kwa adabu, na fundi rangi husifiwa hata na wapita njia, kwa kuwa kazi yake iko nje inaonekana. Kutoa paneli ya ndani ya mlango hakuna daraja. Huachiwa saidia fundi, kijana aliyeanza juzi, akakabidhiwa bisibisi na kuambiwa, “Dogo, toa hiyo tuone kioo kimekwama wapi.” Nimekaa sana kwenye mabenchi ya gereji, Gerezani jijini Dar es Salaam na kwenye gereji za miji midogo zinazofanyia kazi chini ya mwarobaini, na nashikilia kwamba hapo tumekosea. Ukitaka kumjua fundi kabla hujamkabidhi injini yako, mwangalie akitoa paneli ya mlango.

Chukua pikapu tunayoijua wote, Toyota Hilux. Ya kwanza ilitoka Japani mwaka 1968, na zile za kizazi cha tano, zilizoanza kutoka mwaka 1988, bado zinabeba ndizi, saruji, mbuzi na wagonjwa katika barabara zetu. Nyingi kati ya hizo hazina umeme wa vioo: kuna hendeli ya kupandishia kioo, kishikio cha kufungulia, kiegemeo cha mkono kilichokazwa kwa skrubu, na paneli ya hadibodi iliyovalishwa plastiki laini. Anayeutazama mlango huo husema hauna kitu. Ndiyo maana huharibiwa sana.

Fundi mwenye subira haanzi kwa kuvuta. Anaanza kwa kutafuta skrubu, kwa macho na kwa ncha ya kidole: chini ya kiegemeo, ndani ya kikombe cha kishikio, nyuma ya vifuniko vidogo vya plastiki vyenye rangi ile ile ya paneli. Skrubu moja iliyosahaulika inatosha kuipasua paneli nzima. Na skrubu zenyewe zinadai ujuzi. Msalaba ulio kichwani mwake unafanana na wa Phillips, aina iliyopewa jina la Henry Phillips, Mmarekani wa Portland aliyepata hataza zake katika miaka ya 1930. Lakini Wajapani wana kipimo chao, JIS, na umbo la ndani la msalaba wao halilingani na la Phillips. Bisibisi ya nyota iliyozoeleka hukaa juu juu. Ikizungushwa kwa nguvu hupanda na kuteleza, na kichwa cha skrubu huliwa hadi hakishikiki tena. Skrubu nyingi za JIS zina kitone kidogo pembeni mwa msalaba. Nimemwona mzee mmoja akisugua kichwa cha skrubu kwa kidole gumba, akakitazama kile kitone, akairudisha sandukuni bisibisi aliyokuwa ameishika na kutoa nyingine. Hakusema neno. Kijana wake alikuwa amesimama pembeni, na naamini siku hiyo alijifunza jambo ambalo angeweza kulikosa kwa miaka.

Kisha inakuja hendeli ya kioo, na hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu ni mojawapo ya mbinu nzuri kabisa zinazorithishwa gerejini. Hendeli hiyo haina skrubu inayoonekana. Imeshikwa na klipu ya waya wa chuma, iliyokunjwa umbo la herufi C na kujificha kati ya mgongo wa hendeli na kisahani cha plastiki. Asiyejua hupenyeza bisibisi bapa akaikongoa, akavunja kisahani na kuichubua paneli. Anayejua huchukua kipande cha fulana kuukuu, akakipitisha nyuma ya hendeli, akakikamata ncha zote mbili na kukivuta kushoto na kulia, kushoto na kulia, huku akikikandamiza kuelekea penye ncha za klipu. Nyuzi za kitambaa huunasa ule waya na kuusukuma utoke. Waya huo hutoka kwa kuruka, na ukiangukia kwenye mchanga wenye oili basi umeupoteza. Kwa hiyo kijana mwingine huweka kiganja chini, tayari kuudaka. Hakuna kifaa cha kununua hapo. Kuna kitambaa ambacho kila gereji inacho, na akili ya mtu wa kwanza aliyeelewa jinsi waya ule ulivyokaa gizani.

Na kabla ya hayo yote fundi amekwisha kupandisha kioo hadi juu na kukariri hendeli imeelekea wapi. Hatua hiyo haihitajiki ili gari litembee. Inahitajika ili dereva akirudi kwenye kiti chake, mkono wake uikute hendeli pale ulipozoea kuikuta. Mimi huita hiyo adabu, na sioni jina jingine linaloifaa.

Ukingo wa paneli umebanwa na klipu za plastiki zilizosukumwa kwenye matundu ya bati. Hadibodi iliyozeeka haina nguvu ya kushindana nazo, hivyo kabari huingizwa karibu kabisa na shina la klipu, kama mama anavyochomoa mwiba mguuni mwa mtoto, maana ukivutia mbali na shina kinachotoka ni kipande cha paneli, na klipu inabaki mlangoni. Kazi huanzia kona ya chini na kupanda taratibu. Sikio nalo lina sehemu yake. Klipu iliyotoka salama hulia mlio mmoja mfupi, mkavu. Hadibodi inayochanika hulia kwa kuburura, na mkono uliofunzwa husimama hapo hapo. Zikishatoka zote, paneli haivutwi kuja kifuani. Hunyanyuliwa kwenda juu, kwa kuwa ukingo wake wa juu umening'inizwa kwenye mdomo wa bati, pale kioo kinapochomozea.

Sasa tumefika kwenye nailoni.

Nyuma ya paneli kuna karatasi ya nailoni iliyogandishwa kwenye bati kwa gundi nyeusi inayonata. Wengi huiona ni takataka ya kiwandani. Ukweli ni kwamba nailoni hiyo ndiyo inayoyatenganisha maji na kiti chako. Madereva wengi wanaamini kuwa maji ya mvua hayaingii mlangoni. Yanaingia kila mvua inaponyesha. Yanateremka juu ya kioo, yanaupita mpira wa ukingoni, yanaingia tumboni mwa mlango na kutokea kwenye matundu madogo yaliyoachwa chini kabisa. Wabunifu wa gari hawakujaribu kuyazuia, waliyapa njia. Nailoni ipo ili maji hayo yabaki upande wa bati, na ndiyo maana ukingo wake wa chini hukunjiwa ndani ya mlango, ili tone linaloteleza juu yake liangukie tumboni lisiangukie sakafuni. Huko Dodoma na Singida, wakati wa kiangazi, nailoni hiyo hiyo huzuia vumbi linalopanda na magurudumu lisiingie kupitia matundu makubwa ya bati.

Fundi mwenye haraka huichana katikati apate kupenyeza mkono, au huing'oa yote akaitupa. Gari linarudi kwa mwenyewe likiwa safi, kioo kinapanda, fedha zinalipwa, watu wanaagana vizuri. Kisha masika yanaingia. Hadibodi inakunywa maji, inavimba, inapinda, matundu ya klipu yanalegea, na paneli inaanza kugonga kila gari linaporuka shimo. Zulia la chini linalowa na kutoa harufu. Sakafu inashika kutu kwa chini, mahali ambapo hakuna anayetazama, na katika miji ya pwani kama Tanga na Mombasa, penye hewa ya chumvi, kutu hiyo haina subira. Mwenye gari anakwenda kubadilisha mpira wa kioo cha mbele, akidhani maji yanatokea huko. Hamkumbuki kabisa yule aliyefungua mlango miezi kadhaa nyuma. Hilo ndilo linalonifanya niitukuze kazi hii: ubaya wake haumrudii aliyeutenda, na uzuri wake hauonekani na anayeulipia. Anayeifanya vizuri anafanya hivyo kwa sababu anajua kinachotakiwa.

Fundi wa kweli huibandua nailoni polepole, akianzia juu, wakati jua limeilainisha gundi. Huitundika mahali pasipo mchanga, upande wenye gundi usiguse kitu. Ikiwa imekwisha kuchanika, huilaza juu ya nailoni mpya nene na kukata kwa kuifuata, pamoja na matundu ya vyuma vya kishikio na ya hendeli. Kazi hiyo haimchukui muda mrefu.

Ndani ya mlango penyewe pana mambo machache yanayoeleweka kwa jicho. Kuna mikono ya chuma inayokutana mithili ya mkasi, yenye meno upande mmoja na vigurudumu vinavyoteleza kwenye reli iliyo chini ya kioo. Kuna vyuma vyembamba vinavyounganisha kishikio na komeo, kila kimoja na kibanio chake cha plastiki ambacho hufunguliwa kwa kuzungushwa, na kikilazimishwa huvunjika. Kabla ya kulegeza bolti yoyote ya kipandishia, kioo hufungwa kwa utepe wenye gundi juu ya fremu au kuzuiwa kwa kabari, kwani kikiachiwa kitashuka kwa uzito wake. Kingo za bati hukata vidole. Na kwa kuwa mlango umekwisha kuwa wazi, mikono mizuri hufanya mawili ambayo haikuagizwa: hupaka grisi mpya kwenye reli, na huzibua kwa waya matundu ya chini yaliyojaa tope na majani.

Pikapu mpya zimebadilika. Hadibodi imekuwa plastiki ya kumiminwa, hendeli imekuwa swichi, na soketi za nyaya hutolewa kwa kubonyeza kikufuli chake, kamwe si kwa kuvuta waya. Pale penye mifuko ya hewa ya ubavuni, waya hasi wa betri hutolewa kwanza. Toyota huelekeza kusubiri angalau sekunde 90 kabla ya kugusa mfumo huo. Hata hivyo maji bado yanaingia kwa njia ile ile na kutokea chini kule kule.

Wengi wenye ujuzi huu hawakuupata darasani. Waliupata kwa kushika taa, kudaka klipu, na kupigwa jicho kali walipovuta kabla ya wakati. Tanzania ina mpango wa urasimishaji wa ujuzi chini ya VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, ambao humpima fundi wa namna hiyo kwa anachokijua mkononi na kumpa cheti. Ni jambo jema sana. Natamani wapimaji wampe fundi mlango mmoja wa pikapu, aufungue na kuufunga, kisha wamwage ndoo nzima ya maji juu ya kioo na kupapasa sakafu ya ndani.

Nawe mwenye gari, acha kumsukuma fundi kwa maneno ya “si paneli tu hiyo.” Mlango wako utakapofunguliwa, omba uitwe kabla paneli haijarudishwa. Tazama kama nailoni imekaa nzima nzima na ukingo wake wa chini umekunjiwa ndani, tazama kama matundu ya chini yako wazi, kama klipu zilizovunjika zimebadilishwa. Ukikuta hayo yamefanyika, mlipe muda wake wote, na umsifu mbele ya vijana wake.