Vitabu Sita, Safari Nne

Julai inapokaribia kwisha, shule za England na Wales hufungwa na watoto huanza likizo ya takriban wiki sita. Wenzao wa Scotland huwa wametangulia tangu mwishoni mwa Juni. Ndizo wiki ambazo kaunta za maktaba za umma huwa na foleni ya watu wafupi: watoto wa miaka 4 hadi 11, vitabu viwili kwapani, wamekuja kudai stika. Wamejiunga na Summer Reading Challenge, mpango wa kusoma wakati wa kiangazi ulioanza mwaka 1999 na ambao sasa unaongozwa na shirika la hisani la The Reading Agency pamoja na maktaba za halmashauri. Katika miaka ya kabla ya janga la Uviko-19, zaidi ya watoto 700,000 walikuwa wakishiriki kila mwaka.

Watoto laki saba wanaosoma kwa hiari wakati wa likizo ni jambo la kushangaza, na inafaa kuuliza limewezekanaje. Jibu halipo kwenye medali ambayo mtoto anayemaliza hupigwa nayo picha mwishoni. Lipo kwenye kanuni chache zilizopangwa kwa akili nyingi, na hasa kwenye kile kinachotokea kati ya kitabu cha kwanza na cha sita.

Kanuni zenyewe ni hizi. Mtoto hujiandikisha bure na kupewa karatasi ngumu yenye picha kubwa isiyokamilika. Huazima vitabu, akasoma, akarudi. Katika maktaba nyingi, baada ya vitabu viwili hupata stika za kwanza za kubandika kwenye picha yake. Baada ya vinne, nyingine. Baada ya sita, za mwisho, pamoja na cheti na, mahali pengi, medali. Kitabu chochote alichokichagua kinahesabika: hadithi, vibonzo, mashairi, kitabu cha dinosaria, hata kitabu cha kusikiliza. Mtoto ambaye bado hajajua kusoma akisomewa na mama au babu, hicho nacho ni kitabu.

Hapa hakuna mshindi. Waingereza huuita mpango huu "challenge", neno ambalo Waswahili tumelizoea kama "changamoto", na siku hizi changamoto kwetu imekuwa jina la heshima la tatizo: changamoto ya maji, changamoto ya madawati. Katika mpango huu neno linarudi kwenye maana yake ya kuchochea. Mtoto hashindani na jirani yake. Aliyesoma vitabu sita vyembamba vya picha na aliyesoma riwaya sita nene hupata medali ileile, na waandaaji hawawapangi watoto kwa idadi ya kurasa. Uamuzi huo mmoja ndio unaowabakisha watoto wanaosoma polepole.

Kwa nini likizo? Mwaka 1978 mwanasosholojia wa Marekani Barbara Heyns alichapisha utafiti wake kuhusu wanafunzi wa Atlanta, akionyesha kwamba pengo kati ya watoto wa familia maskini na wa familia zenye uwezo hupanuka zaidi shule zikiwa zimefungwa. Mwaka 1996 Harris Cooper na wenzake walikusanya tafiti nyingi za aina hiyo na kukadiria kwamba, kwa wastani, mtoto hurudi darasani akiwa amepoteza mafunzo ya karibu mwezi mmoja. Siku za karibuni mtafiti Paul von Hippel ametilia shaka ukubwa wa pengo hilo, akionyesha kwamba baadhi ya vipimo vya zamani vilikuwa na kasoro. Mjadala huo haujafungwa, na mtu mwaminifu hawezi kusimama jukwaani na kutangaza kwamba vitabu sita huokoa mwezi mzima wa shule.

Lililo na ushahidi imara zaidi ni hili: mtoto akiwa na vitabu mkononi, tena alivyovichagua mwenyewe, husoma. Richard Allington na Anne McGill-Franzen walilipima jambo hilo katika shule 17 za maeneo maskini ya Florida. Watoto 852 walichagua wenyewe vitabu na kupewa 12 kila likizo ya kiangazi, kwa miaka mitatu mfululizo. Hawakupewa mazoezi wala mtihani juu ya vitabu hivyo. Katika majaribio ya kusoma, walifanya vizuri kuliko wenzao ambao hawakupewa. Matokeo hayo yaliwafanya watafiti wayafananishe na faida ya masomo ya likizo, ambayo gharama yake ni kubwa zaidi.

Kwa hiyo kanuni ya "kitabu chochote" haitokani na kulegeza kamba. Ni nguzo. Mzazi anayemnyang'anya mtoto kitabu cha vibonzo na kumpa "kitabu cha maana" anaing'oa nguzo hiyo kwa nia njema.

Tuje kwenye hesabu, kwa sababu hapo ndipo penye ufundi. Vitabu sita kwa wiki sita ni kitabu kimoja kwa wiki, mwendo ambao mtoto wa kawaida anaumudu. Lakini stika hazitolewi zote kwa mkupuo. Zimegawanywa mara tatu, nazo hupatikana kaunta tu. Ukijumlisha siku ya kujiandikisha, mtoto anayemaliza amekwenda maktaba mara nne katika likizo moja. Familia ambayo ilikuwa haijakanyaga maktaba tangu Krismasi imepata sababu nne za kwenda, na sababu hizo zimetoka kwa mtoto mwenyewe, anayeona mapengo kwenye picha yake na kumvuta baba mkono.

Kila safari ina mazungumzo. Stika hukabidhiwa na mtu, aghalabu mkutubi au kijana wa sekondari aliyejitolea kusaidia wakati wa likizo, na mtu huyo huuliza juu ya vitabu vilivyorudishwa. Ubora wa mpango mzima unategemea swali linaloulizwa hapo. "Umesoma kweli?" ni swali la askari. "Nani kwenye hadithi hii ungependa awe rafiki yako?" ni swali la msomaji kwa msomaji mwenzake. Wakutubi wazoefu huuliza la pili. Jibu likija, hata la maneno matano, wanajua kitabu cha tatu kiwe kipi. Mtoto naye ameonja kitu ambacho darasani ni adimu: mtu mzima asiyemfundisha, asiyempa alama, anayemsikiliza akieleza kitabu.

Vijana wanaojitolea wana uzito wao. Kijana wa miaka 15 anayepiga magoti kando ya meza kumsikiliza mtoto wa miaka sita humfanya mtoto aone kwamba kusoma si kazi ya walimu na wazee peke yao. Baadhi ya vijana hao walikuwa upande wa pili wa kaunta miaka michache tu iliyopita.

Vipi mada? Kila mwaka mpango huvaa vazi jipya. Mwaka 2016, ilipotimia miaka 100 tangu kuzaliwa kwa Roald Dahl, picha zilikuwa za Quentin Blake, mchoraji wa vitabu vya Dahl. Mwaka 2017 Tony Ross aliwachora wanyama wapelelezi. Mwaka 2018 gazeti la vibonzo la Beano lilikuwa na miaka 80, hivyo watoto wakaingia kwenye ulimwengu wa watundu wake. Mwaka 2019, nusu karne baada ya chombo cha Apollo 11 kutua mwezini, mada ilikuwa anga za juu. Mwaka 2022 iliandaliwa pamoja na makumbusho ya Science Museum Group, ikahusu uvumbuzi.

Kosa la waigaji wengi wa mipango kama hii ni kuifanya mada kuwa uzio. Wakitangaza "mwezi wa bahari", basi kitabu kisicho na samaki hakihesabiki. Uingereza mada ni mlango tu. Mwaka wa anga za juu, mtoto anayependa farasi alisoma vitabu sita vya farasi, na kila kimoja kilimsogeza mbele kwenye picha yake ya sayari. Mada inabeba urembo, michezo ya maktabani, meza ya vitabu vinavyopendekezwa na mazungumzo ya kuanzia; haigusi uhuru wa kuchagua. Zaidi ya hayo, humpa mtoto aliyeshiriki mwaka jana sababu ya kurudi mwaka huu, maana picha ni nyingine na stika ni nyingine. Miaka fulani baadhi ya stika zimetengenezwa ziwe na harufu: ukikwaruza, unanusa. Hakuna mtoto aliyepata stika ya namna hiyo akakaa nayo kimya.

Kuna faida nyingine ya mada ambayo mtoto haioni. Kwa kuwa vifaa husanifiwa mara moja kwa nchi nzima na halmashauri huvinunua, maktaba ya chumba kimoja kijijini hupata michoro ileile ya msanii mashuhuri inayobandikwa katika maktaba kuu ya Birmingham. Maktaba hiyo ndogo isingeweza kamwe kumlipa Quentin Blake peke yake.

Udhaifu upo, tena kwenye kile kinachopendwa zaidi: zawadi. Mwaka 1973 Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett walichapisha jaribio walilofanya na watoto wa chekechea ambao tayari walipenda kuchora. Walioahidiwa cheti ili wachore walichora. Lakini wiki chache baadaye, kalamu zilipowekwa mezani bila ahadi yoyote, walizigusa kidogo kuliko wenzao ambao hawakuahidiwa kitu. Ahadi ilikuwa imegeuza mchezo kuwa kibarua. Mwaka 2008 Barbara Marinak na Linda Gambrell waligundua jambo linalokaribiana na hilo kuhusu kusoma: watoto waliozawadiwa kitabu, au wasiozawadiwa chochote, walibaki na hamu ya kusoma kuliko waliopewa vijizawadi visivyohusiana na kusoma.

Medali ya plastiki, kwa kipimo hicho, ni zawadi ya mashaka. Stika zina utetezi zaidi, kwa sababu ni vipande vya picha ambayo mtoto mwenyewe anaikamilisha, kama vile kurasa zinavyokamilisha hadithi. Hata hivyo safu hii ingeona heri halmashauri zenye uwezo zimpe anayemaliza kitabu chake mwenyewe, cha kukaa nacho nyumbani. Kwa mtoto asiye na hata rafu moja ya vitabu, hicho ndicho kitu atakachokishika tena Novemba.

Chini ya yote haya kuna msingi usioonekana kwa urahisi. Sheria ya mwaka 1964 inazilazimu halmashauri za England na Wales kutoa huduma ya maktaba kwa umma, na kuazima kitabu ni bure. Bila mtandao huo mpango ungekuwa tangazo tu. Ndiyo maana kupungua kwa maktaba za Uingereza kwa karibu 800 katika muongo ulioanza 2010 ni pigo la moja kwa moja kwake: mtoto ambaye maktaba yake imefungwa hahesabu tena safari nne, anahesabu nauli ya basi.

Msomaji wa Afrika Mashariki atakuwa ameshafikiria umbali wa maktaba iliyo karibu naye. Kenya ilikwisha kutoa jibu lake kwa swali hilo. Tangu 1996, huduma ya taifa ya maktaba imekuwa ikipeleka vitabu kwa ngamia kutoka Garissa, ikiwafuata watoto wa wafugaji badala ya kuwangoja kaunta. Ngamia hurudi, vitabu hubadilishwa, na mtu aliyevileta anazungumza na mtoto aliyevisoma. Kiini ni kilekile cha Uingereza, ila safari zinafanywa na mkutubi. Kwa Tanzania, ambako likizo ndefu huangukia katikati na mwishoni mwa mwaka, vitabu sita vingeweza kugawanywa mara mbili, vitatu kila likizo, na kaunta ikawa meza ya mwalimu mmoja anayefungua kabati la shule siku moja kwa wiki. Kinachohitajika kwanza ni vitabu vya kutosha kuchagua. Kabati lenye nakala 40 za kitabu kimoja cha kiada halimpi mtoto uchaguzi wowote.

Mwaka 2020 janga la Uviko-19 liliifumua mashine hii ya Uingereza kipande kwa kipande, nasi tukaona kila kipande kilikuwa kinafanya nini. Maktaba zilikuwa zimefungwa tangu Machi. Mada ya mwaka huo, kundi la wanyama wachekeshaji waliochorwa na Laura Ellen Anderson, ilihamia mtandaoni, na watoto wakaazima vitabu vya kielektroniki kwa kadi zao. Picha zilikuwepo, michezo ilikuwepo, vitabu vilikuwepo. Julai maktaba za England ziliporuhusiwa kufungua, vitabu vilivyorudishwa vilitengwa kwa saa 72 kabla ya kurudi rafuni, na maktaba nyingi zilianza na utaratibu wa kuagiza na kuja kuchukua. Mzazi alitaja umri wa mtoto na anachopenda. Mkutubi akajaza mfuko. Mfuko ukakabidhiwa mlangoni. Ilikuwa kazi ya upendo, lakini mtoto hakuwa amepita kati ya rafu, hakuwa amechomoa kitabu kwa sababu ya jalada lake na kukirudisha, wala hakuna aliyechuchumaa kumuuliza kilimchekesha kipi.

Kiangazi kilichofuata watoto walianza kurudi kaunta, safari hii kwa mada ya mazingira iliyoandaliwa pamoja na shirika la WWF. Wengi hujiandikisha kuliko wanaomaliza, mwaka huo kama miaka yote, na wakutubi wanajua kwamba baada ya kitabu cha nne ndipo likizo inapochoka, sare zinaponunuliwa na karatasi ya stika inapopotelea chini ya kitanda. Kwa sababu hiyo baadhi ya maktaba husogeza tarehe ya mwisho hadi ndani ya Septemba, shule zikiwa zimeshafunguliwa, na huweka karatasi za akiba kaunta kwa ajili ya mtoto anayekuja saa kumi jioni akiwa bado na sare yake, mkononi ana kitabu kimoja alichobakiza.