Dirisha la Kauri: Fomula Ilipatikana Mapema, Ukubwa Ukachelewa

Mwaka 1979, James McCauley na Normand Corbin, watafiti wa maabara ya jeshi la Marekani huko Watertown, Massachusetts, walichapisha maelezo ya kauri angavu iliyotokana na alumini, oksijeni na naitrojeni. Leo inaitwa ALON. Tangu siku hiyo yeyote mwenye kusoma jarida la kisayansi aliweza kujua imeundwa na nini. Hata hivyo, kampuni ya Raytheon iliishughulikia miaka ya 1980, kisha mwaka 2002 teknolojia ikahamia Surmet ya Burlington, jimbo hilohilo, na bado kutengeneza madirisha ya zaidi ya nusu mita kulihitaji miaka mingine ya kazi. Muda huo wote haukutumika kutafuta fomula. Ulitumika kupambana na ukubwa.

Tuanze na sababu ya kuihitaji kauri yenyewe. Kamera ya ndege ya kivita haitafuti sura ya adui bali joto lake. Chuma chenye joto la nyuzi 400 hivi hutoa miale mingi ya infraredi yenye urefu wa mawimbi kati ya mikroni 3 na 5, na kioo cha kawaida humeza sehemu kubwa ya miale hiyo. Zinki salfaidi huipitisha, lakini ni laini: mvua na mchanga vikiipiga kwa kasi ya ndege, uso wake huchakaa. Yakuti samawi ni ngumu na imara, ndiyo maana kamera ya kulengea shabaha ya ndege ya F-35 imefunikwa nayo. Tatizo ni kwamba yakuti ya kazi hii ni fuwele moja inayokuzwa polepole kutoka kwenye kimiminika cha moto, na upana wake hauwezi kuongezwa ovyo. Katika F-35 wahandisi waliunga vipande bapa kadhaa kuwa dirisha moja.

Kauri hutoa njia nyingine: chukua unga, ufinyange, uuchome. Unga unaweza kufinyangwa kuwa bapa, kuba au umbo jingine lolote. Lakini kauri tunazozifahamu, kama sahani na vigae, hazipitishi mwanga, na sababu yake ni ile inayolifanya povu la sabuni kuwa jeupe ingawa maji na hewa vyote ni angavu. Kila mwanga unapovuka mpaka kati ya vitu viwili, sehemu yake hutawanyika, na ndani ya kauri kuna mipaka mingi kati ya chembe na vinyweleo vya hewa. Robert Coble wa General Electric alionyesha mwishoni mwa miaka ya 1950 kwamba oksidi ya magnesi kidogo tu ikichanganywa na oksidi ya alumini huzuia chembe zisikue haraka na kumeza vinyweleo vya hewa. Kinyweleo kikibaki kwenye mpaka wa chembe, hewa yake ina njia ya kutokea. Kikinaswa ndani ya chembe, hakitoki tena. Kauri ya Coble ilitumika katika taa za sodiamu za barabarani. Ilipitisha mwanga, lakini hukuweza kuona sura ya kitu kupitia kwake, kwa sababu fuwele za oksidi ya alumini hupinda mwanga tofauti kulingana na upande zilikoelekea. ALON ina umbo la kimchemraba, hivyo kila chembe hupinda mwanga sawasawa popote ielekeapo. Adui anayebaki ni kinyweleo.

Kazi huenda hivi. Oksidi ya alumini na kaboni huchomwa pamoja ndani ya naitrojeni hadi unga wa ALON upatikane. Unga husagwa, hutiwa kiunganishi, kisha hushindiliwa kutoka pande zote ndani ya kalibu ya mpira iliyozamishwa katika kimiminika chenye shinikizo. Kiunganishi huunguzwa, na kipande huingia tanurini kwenye joto linalokaribia nyuzi 2,000. Mwisho hubanwa tena kwa gesi ya shinikizo kubwa kikiwa cha moto, ili vinyweleo vya mwisho vifungike. Hatua hii haisamehe makosa ya nyuma: kinyweleo chenye njia hadi usoni hujaa gesi ileile inayotakiwa kukibana, kwa hiyo lazima vyote viwe vimezibika usoni kabla ya kufika hapo. Vinyweleo vya sehemu moja kwa elfu ya ujazo vinatosha kuleta ukungu.

Hapa ukubwa ndipo unapodai gharama. Kipande kibichi huwa na nafasi tupu karibu asilimia 40, hivyo kikiiva hupungua takriban moja ya sita kwa kila upande. Kipande cha sentimita 10 hupoteza chini ya sentimita 2. Cha mita moja hupoteza kama 16, huku kikijikokota juu ya kitako chake. Ukingo ukiiva kabla ya kitovu, kipande hupinda au hupasuka. Tanuri na chumba cha shinikizo lazima viwe vikubwa kuliko dirisha, na joto liwe lilelile kila pembe. Tena uwiano wa naitrojeni katika ALON unaweza kutofautiana kidogo, na kila tofauti hubadilisha namna mwanga unavyopinda. Katika kioo cha kukinga risasi hilo halina neno. Mbele ya kamera inayolenga kitu kilicho umbali wa kilomita nyingi, picha huharibika.

Kisha kuna usafishaji wa uso. ALON huchongwa kwa almasi, na chembe zake kubwa zilizoelekea pande tofauti hulika kwa kasi tofauti, uso ukabaki na vinundu kama ganda la chungwa. Mafundi hupima mawimbi ya mwanga yanayopita, kisha mashine inayoongozwa na kompyuta hulainisha zaidi pale penye kasoro. Hutia pia tabaka la kupunguza uakisi, kwani bila hilo kila uso hurudisha karibu asilimia 8 ya mwanga, na wavu mwembamba wa chuma wa kuzuia mawimbi ya redio yasiifikie kamera.

Spineli, kauri nyingine angavu ya oksidi ya magnesi na alumini, ilikutana na kikwazo kama hicho. Watafiti wa Maabara ya Utafiti ya Jeshi la Majini, Washington, wakiongozwa na Jas Sanghera, waliubana unga wake ukiwa wa moto wakitumia lithiamu floraidi kuharakisha mshikamano. Floraidi hiyo ilipochanganywa tu na unga, haikuenea sawa, na kauri ikatoka na madoa. Suluhisho lilikuwa kuipaka juu ya kila chembe ya unga. Spineli ya asili huchimbwa Mahenge, mkoani Morogoro, lakini dirisha halichongwi kwenye kito: kromu inayolipa jiwe la Mahenge wekundu wake na bei yake, kwa mtengeneza dirisha ni uchafu. Yeye hutaka unga safi uliotengenezwa kiwandani.

Kwa hiyo anayetaka kupima uwezo wa kiwanda katika kazi hii asiulize kama kina fomula. Aulize tanuri lake lina upana gani, na katika kila vipande kumi vikubwa vinavyoingia humo, ni vingapi vinatoka bila doa.