Kinanda Kinachoiga Kasoro

Kila Jumapili, kwenye kanisa moja hapa Kiamunyi, mpiga kinanda akibonyeza kitufe cha ogani, nusu ya waumini wanafunga macho. Mimi siwezi. Nasikia kimlio kidogo, "tk", mwanzoni mwa kila noti, na najiuliza: kinanda chenyewe ni plastiki na chipu tu, sasa hiyo "tk" inatoka wapi?

Inatoka Marekani, mwaka 1935, kwa mtu aliyekuwa akitengeneza saa. Laurens Hammond alichukua mota inayofuata mapigo ya stima, aina ile inayoendesha mishale ya saa bila kuchelewa, akaiunga na magurudumu madogo ya chuma yenye meno ukingoni. Kila gurudumu linazunguka mbele ya sumaku iliyozungushiwa waya. Jino likipita, nguvu ya sumaku inatikisika na waya unapata mkondo mdogo wa stima. Gurudumu la meno 16 likizunguka mara 27.5 kwa sekunde, unapata mitetemo 440. Hiyo ni A. Hakuna upepo wala bomba, spika ndiyo inaimba.

Modeli ya B-3 ina magurudumu 91. Mpigaji anavuta vijiti tisa, kila kimoja na ngazi nane, kuchanganya noti ya msingi na zile zinazopanda juu yake. Anaweza kubadilisha rangi ya sauti katikati ya ubeti.

Na "tk"? Ni swichi zikigusana. Mafundi waliiona kasoro, wakajaribu kuizima. Wapiga jazi kama Jimmy Smith wakaipenda, na leo viwanda vinaiiga makusudi.

Hapo ndipo ugomvi wangu unaanza. Kinanda chetu kimenakili kasoro kikaacha vijiti! Sauti ni ileile, iwe harusi ama mazishi. Kijana anayekipiga ni stadi kweli, lakini hawezi kupunguza makali chini ya akina mama wa kwaya. Anapandisha na kushusha volyumu tu.

Sasa tunachangia kingine, na swali kwenye mkutano lilikuwa ati kina sauti mia ngapi. Nikauliza kama kina vijiti. Mzee mmoja akaniambia, "Kijana yangu, hii ndiyo uliachia chuo?" Watu wakacheka. Nikacheka pia, kidogo.

Sisemi tununue Hammond. Iliyotengenezewa Marekani inataka stima ya hezi 60, yetu ni 50, kwa hivyo A ingeshuka hadi karibu na F-shapu. Ziko za hezi 50, lakini nani atabeba mzigo ule?

Jumapili iliyopita stima ilipotea katikati ya wimbo. Hammond ingeteremka taratibu, magurudumu yakichoka. Chetu kilikatika, kimya. Akina mama wakaendelea bila kuangaliana, na mara ya kwanza mwaka huu nikasikia alto.