Mgeni na Jembe: Ukarimu na Umiliki wa Jukwaa katika Kundi la Mixed Blood, Minneapolis

Utangulizi

Mwaka 1976, katika mji wa Minneapolis, jimbo la Minnesota nchini Marekani, kijana wa miaka 22 aitwaye Jack Reuler alianzisha kundi la sanaa za maonyesho lisilotafuta faida na kuliita Mixed Blood, yaani damu mchanganyiko. Makao yake yakawa kituo cha zamani cha zimamoto kilichojengwa mwaka 1887 katika kitongoji cha Cedar-Riverside. Reuler aliliongoza kundi hilo hadi mwaka 2022, alipomwachia nafasi Mark Valdez. Chimbuko la kundi lilikuwa ndoto ya Martin Luther King ya jamii isiyompima mtu kwa rangi yake, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kuwapa waigizaji wa asili mbalimbali nafasi ambazo hawakuzipata kwa urahisi katika majumba makubwa.

Kundi la namna hii kwa kawaida hupimwa kwa kuhesabu sura za walio jukwaani. Uhakiki huu unadai kuwa kipimo hicho ni cha lazima lakini hakitoshi. Waswahili husema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii haikatazi ukarimu, inauwekea mwisho. Mtu anayeandaliwa chakula kila siku hubaki mgeni, na aliyepewa jembe huwa sehemu ya nyumba. Kwa kutumia methali hiyo kama kipimo, maswali matatu yanaulizwa hapa kuhusu Mixed Blood: nani yumo jukwaani, nani ameketi ukumbini, na nani ameshika jembe, yaani nani anaamua hadithi ipi isimuliwe na kwa lugha gani.

Majina mawili ya mwaka mmoja

Mixed Blood haliwezi kueleweka bila kuwekwa kando ya ndugu yake wa ng'ambo ya mto Mississippi. Mwaka huohuo wa 1976, katika mji pacha wa Saint Paul, Lou Bellamy alianzisha Penumbra, kundi la Wamarekani weusi lililopata makao katika kituo cha jamii cha Hallie Q. Brown. Kituo hicho kiliwahudumia wakazi wa eneo ambalo mtaa wake mkongwe wa watu weusi, Rondo, ulikuwa umebomolewa ili kupisha barabara kuu.

Majina ya makundi haya yanabeba nadharia mbili zinazopingana. Damu mchanganyiko ni taswira ya kuungana: mipaka ya asili inayeyuka, na kinachobaki ni ubinadamu wa pamoja. Penumbra ni ukingo wa kivuli, pale mwanga na giza vinapokutana pasipo kimoja kukimeza kingine. Taswira hii inasisitiza kwamba kivuli kina umbo lake na kinastahili kutazamwa kwa umbo hilo. Kwa lugha ya jukwaani, Mixed Blood lilianza kwa kumruhusu mwigizaji yeyote kuwa mhusika yeyote. Penumbra lilianza kwa kumtaka mwigizaji mweusi asimulie maisha ya watu weusi, mbele ya watu weusi kwanza.

Tofauti hii haikubaki kuwa ya majina tu. August Wilson, aliyehamia Saint Paul mwaka 1978, alipata katika Penumbra jukwaa la mwanzo la kitaaluma. Kundi hilo lilionyesha kazi yake Black Bart and the Sacred Hills mwaka 1981. Tarehe 26 Juni 1996, akiwa tayari mtunzi mwenye sifa kubwa, Wilson alihutubia mkutano wa kitaifa wa wanasanaa za maonyesho katika Chuo Kikuu cha Princeton. Alieleza kuwa kati ya majumba 66 ya umoja wa majumba makubwa ya kikanda, moja tu lilikuwa la watu weusi. Kisha akaupinga waziwazi ugawaji wa nafasi usiojali rangi. Kwake, kumweka mwigizaji mweusi katika tamthiliya iliyoandikwa kuchunguza maisha ya weupe ni kumwomba aache historia yake mlangoni. Mwezi Januari 1997 alijadiliana hadharani mjini New York na Robert Brustein, aliyeona hoja hiyo kuwa ya kujitenga.

Hotuba ya Wilson haikulilenga Mixed Blood kwa jina, lakini inagusa msingi wake. Ikiwa rangi haijaliwi, ni jambo gani jingine ambalo halijaliwi pamoja nayo? Mwigizaji aliyepewa nafasi kwa sharti la asili yake kutoonekana amepewa kiti, lakini hajapewa neno. Kwa upande wa pili, hoja ya Wilson nayo ina gharama yake. Jumba la jamii moja hutegemea jamii moja na wafadhili wachache. Mwaka 2012 Penumbra lililazimika kusitisha maonyesho kwa kukosa fedha, na likarudi jukwaani baada ya kuchangisha. Hivyo basi, suala si kuchagua nani alikuwa sahihi mwaka 1976. Suala ni kuona namna kila jibu linavyoacha deni linalopaswa kulipwa baadaye.

Mixed Blood lililipa sehemu ya deni lake. Kadiri miaka ilivyopita, repertwa yake haikuishia kwenye kuchanganya sura bali ilielekea kwa waandishi wanaoitazama asili moja kwa moja. Mfano mzuri ni Neighbors ya Branden Jacobs-Jenkins, iliyoonyeshwa mwaka 2011. Katika tamthiliya hiyo, familia ya waigizaji weusi waliojipaka masizi usoni, kwa desturi ya vichekesho vya kale vya kuwadhihaki watu weusi, inahamia jirani na profesa mweusi wa fasihi ya Kiyunani na Kirumi, ambaye ametumia maisha yake yote kuikimbia taswira hiyo. Hapa damu haichanganyiki kwa amani. Rangi, ambayo ugawaji wa nafasi ulijaribu kuisahau, inarudi na kupiga hodi.

Mlango wa tiketi

Mwaka huohuo wa 2011 Mixed Blood lilianzisha mpango wa Radical Hospitality, yaani ukarimu unaokwenda hadi mizizini. Kwa mpango huo mtu yeyote aliweza kuingia bila kulipa, kwa utaratibu wa anayetangulia kufika. Aliyetaka uhakika wa kiti alilipa ili awekewe nafasi mapema. Uamuzi huu unastahili sifa. Unakiri ukweli ambao majumba mengi huukwepa: tamthiliya kuhusu watu wa kipato cha chini, inayotazamwa na watu wa kipato cha juu peke yao, huwageuza walengwa wake kuwa maonyesho.

Hata hivyo, tiketi ya bure inabadilisha pia mahali pa hukumu. Mtazamaji anayelipa ana silaha moja ndogo: akichoka, harudi, na kutorudi kwake kunaonekana katika hesabu. Mlango ukiwa wazi, gharama hubebwa zaidi na wafadhili, na hukumu huhamia kwao. Mfadhili huuliza ni wangapi waliingia. Ni vigumu zaidi kwake kuuliza kama walioingia walijiona wenyeji. Idadi ya waliofikiwa inaweza kupanda huku umbali kati ya jukwaa na mtaa ukibaki palepale.

Mlango wa lugha

Umbali huo unaonekana wazi mtu akitoka nje ya kituo kile cha zimamoto na kutazama juu. Karibu na hapo yamesimama majengo ya Riverside Plaza, yaliyokamilika mwaka 1973, yenye nyumba zaidi ya 1,300. Tangu dola ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991, Cedar-Riverside imekuwa mojawapo ya vitovu vikuu vya Wasomali katika Marekani. Wengi wao walipitia Kenya, katika kambi za Dadaab au mitaa ya Nairobi, na baadhi wanazungumza Kiswahili.

Ni rahisi kwa asasi ya sanaa kuwaona majirani hawa kama watu wanaohitaji kuletewa sanaa za maonyesho. Historia inasema vingine. Mwaka 1967 Jumba la Taifa la Maonyesho lilifunguliwa Mogadishu, likiwa limejengwa kwa msaada wa China. Mwaka uliofuata Hassan Sheikh Mumin alitunga Shabeelnaagood, tamthiliya inayomfichua laghai wa ndoa, yenye mazungumzo ya nathari yanayopishana na ushairi wa takriri na nyimbo. Kazi za aina hii, ziitwazo riwaayad, ziliishi vinywani mwa wasanii kabla Kisomali hakijapata hati rasmi mwaka 1972, na nyimbo zake zilisambaa kwa redio na kanda hadi kwa watu ambao hawakuwahi kuliona jukwaa lenyewe. Mzee wa Kisomali anayeishi ghorofani katika Riverside Plaza basi si mgeni wa sanaa hii. Huenda ameihukumu kwa miaka mingi kuliko vijana wanaomkaribisha mlangoni.

Kitongoji chenyewe kiliwahi kulijua jambo hili. Kabla ya Wasomali, Cedar-Riverside ilikuwa makazi ya wahamiaji kutoka Skandinavia. Mwanzoni mwa karne ya 20, Hjalmar Peterson, aliyejulikana jukwaani kama Olle i Skratthult, aliwachekesha watu hao kwa Kiswidi, na ukumbi wa Southern Theater, uliofunguliwa mwaka 1910, uliitumikia jamii hiyohiyo. Miongo kadhaa baadaye ukumbi huo ukawa nyumba ya wachezaji densi wa asili na mitindo tofauti. Wahamiaji wale hawakupewa tiketi ya kutazama maisha yao yakisimuliwa na wengine. Walikuwa na jukwaa, mchekeshaji, na lugha. Waliingia katika umarekani kupitia mlango wao wenyewe, wakiwa bado wanacheka kwa lugha ya mama.

Repertwa ya Mixed Blood, kwa sehemu yake kubwa, imekuwa ya Kiingereza, ingawa Kihispania kimewahi kusikika jukwaani pake. Hili si kosa la kundi moja. Ndiyo hali ya sanaa za maonyesho za Marekani kwa jumla. Lakini kwa kundi linalojitambulisha kwa wingi wa asili, lugha haiwezi kuwa suala la pembeni. Asili inayoonekana kwa ngozi pekee ni asili iliyonyamazishwa. Katika jamii ambayo ushairi ndio mizani ya hekima, kubadili lugha ni kubadili hukumu ya uzuri wenyewe: anayejua takriri ya Kisomali anapoteza mamlaka yake ya uhakiki pindi tamthiliya inapoanza kwa Kiingereza, na mjukuu wake, aliyezaliwa Minneapolis, anakuwa mfasiri wake. Kilicho hatarini hapa ni heshima ya mzee mbele ya mjukuu, na pia nafasi ya mjukuu kugundua kwamba lugha ya nyumbani inaweza kusimama chini ya taa.

Kukabidhi jembe

Uzoefu wa Tanzania unatoa mwanga kuhusu hatua inayofuata. Penina Mlama (1991), akijadili sanaa za maonyesho za umma, anatofautisha kazi inayopelekwa kwa wananchi na kazi inayotoka kwao. Katika mradi wa Malya, uliofanyika mkoani Mwanza mwanzoni mwa miaka ya 1980, watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hawakufika na tamthiliya iliyokamilika. Walianza kwa kuchunguza pamoja na wanakijiji matatizo yao, na maonyesho yakajengwa juu ya ngoma na mazungumzo ya wenyeji. Ubora wa mradi ulipimwa kwa uwezo wa wenyeji kuendelea baada ya wataalamu kuondoka.

Malya na Minneapolis zinatofautiana kwa mengi. Kijiji kina lugha inayoshirikiwa na wengi. Cedar-Riverside ina lugha kadhaa katika lifti moja. Aidha, kundi la kitaaluma lina wajibu kwa wasanii wake, ambao nao ni watu wa asili zilizonyimwa nafasi na wanahitaji mshahara. Lakini kipimo cha Malya kinahamishika. Kingelitaka kundi kama Mixed Blood kuuliza ni usiku mingapi katika msimu ambapo mtunzi, mwongozaji na lugha vinatoka ghorofani jirani. Ni nani miongoni mwa majirani ana kura katika kuchagua kazi. Na kama mchezaji wa dhaanto anaitwa kupamba sherehe ya ufunguzi au kutunga kazi ya msimu.

Hitimisho

Uhakiki huu umeonyesha kuwa Mixed Blood limepita hatua mbili kwa ujasiri. Lilifungua jukwaa mwaka 1976, wakati nafasi kwa wasanii wasio weupe zilikuwa chache, na lilifungua ukumbi mwaka 2011, wakati majumba mengi yalikuwa yakipandisha bei. Hoja ya Wilson inakumbusha kuwa hatua ya kwanza bila umiliki wa hadithi humwacha msanii akiwa na kiti bila neno. Historia ya Kisomali na ya Kiswidi ya kitongoji hicho inaonyesha kuwa hatua ya pili bila umiliki wa lugha humwacha jirani akiwa mgeni anayekirimiwa vizuri.

Damu mchanganyiko ni taswira ya watu kuwa kitu kimoja. Methali ya jembe inapendekeza taswira yenye staha zaidi: watu walio tofauti wakilima shamba moja, kila mmoja akijua kwamba mavuno ni yake pia. Ukarimu wa kundi hili umekwisha kuthibitika. Siku ya tatu ndiyo inayosubiriwa.