Kromu Hutazamwa Konani

Kuna pikipiki ya Boxer pale stendi ya Babati ambayo abiria wanagombania kuipanda. Wanaizunguka, wanaipiga picha, wanaisifia "kromu kali". Mimi nimeikagua. Vioo vya pembeni ni plastiki iliyofukizwa alumini na kupakwa vanishi, eksozi imepuliziwa rangi ya fedha ya kopo, na madigadi ya mbele, ambayo kweli imechovywa, imechovywa vibaya. Watu wa mji huu, mji ambao njia za Arusha, Dodoma na Singida zote zinakutana, wameona vyuma vizuri vya kutosha vikipita. Hawana kisingizio.

Kwa vipande vya urembo, kromu yenyewe ni utando tu, robo ya maikroni au zaidi kidogo. Anayekuuzia usukani kwa kusifu "kromu nzito" hajui anachouza, au anajua vizuri sana. Mng'ao na kinga ya kutu ni kazi ya nikeli iliyo chini, na kipande cha heshima kinachokaa nje kwenye mvua kiwe nayo maikroni 20 hadi 30. Chini ya nikeli kuna mtu wa polishi. Huyo ndiye msanii. Msasa alioukatisha njiani hauzibwi na kitu chochote kinachokuja baadaye. Shika rimu, acha waya wa umeme wa barabarani ujionyeshe ndani yake: ukipinda vizuri kufuata umbo la rimu, sawa, ukitetemeka, polishi ilifanywa kwa haraka.

Lakini hata wanaojua hilo hukosea mahali pa kutazama. Mnunuzi hutazama tumbo la kipande, pale mwanga unapopiga, na tumbo kila mchovyaji analiweza. Geuza kipande, tafuta kona ya ndani: pale mguu wa madigadi unapoungana na bati, shingoni mwa usukani, nyuma ya mkunjo wa bampa. Umeme ukiwa ndani ya dawa ya kuchovya hupenda ncha na kingo, na kromu ni ngumu mno kuingia kwenye vishimo. Nikeli huingia kwa nafuu zaidi. Mchovyaji mvivu huning'iniza kipande, huwasha umeme, huenda kunywa chai. Akirudi, nje kunawaka, ila konani kumebaki rangi ya manjano kwa mbali: ni nikeli iliyoachwa uchi. Kromu halisi ina ubuluu kidogo. Akijaribu kulazimisha kwa kuongeza umeme, kingo za nje zinaungua, zinafifia na kuwa za kijivu, na hapo ana makosa mawili badala ya moja. Fundi mwenye adabu hukunja waya wa risasi kufuata umbo la kona, akauingiza humo uwe anodi ya ziada, na kwa kipande chenye kona nne hukunja nyaya nne. Mteja hamlipi hata senti kwa hilo, kwa sababu mteja hajui kwamba lipo.

Usifanye ukaguzi huu saa saba mchana. Jua hilo la Babati hufanya hata sufuria ionekane kromu. Ingia kivulini, weka karatasi nyeupe pembeni ya kona, na manjano yatajitokeza yenyewe.

Shokapu na rodi za haidroliki ni habari nyingine kabisa. Hapo hakuna nikeli. Kromu ngumu huchovywa moja kwa moja juu ya chuma, maikroni 20 kwenda juu, kisha husagwa mpaka vipimo vikae sawa. Hapo unene una maana, na mng'ao hauna. Rodi nzuri ina weupe uliotulia. Ikimeremeta mno, iulize imetoka wapi. Pitisha ukucha kuanzia juu hadi chini, hasa sehemu inayopita kwenye sili kila siku. Ukucha ukikwama mara moja tu, sili mpya itakatika na mafuta yatamwagika tena. Trekta zinazolima Magugu na bonde la Kiru hula vumbi mchana kutwa, na vumbi hilo haliangalii stika ya dukani.

Hapa ndipo matapeli wanapopata riziki. Rodi iliyokwisha kromu husuguliwa ikabaki chuma kitupu, hupakwa grisi, hufungwa nailoni, huitwa orijino. Nilimfahamu fundi mzee wa trekta aliyetembea na kichupa cha maji ya mrututu mfukoni. Aliifuta rodi kwa petroli, akadondosha tone moja, akasubiri. Chuma kikiwa uchi, tone huacha wekundu wa shaba papo hapo, kromu haibadiliki. Muuzaji mmoja alimpigia kelele, "Mzee, unaniharibia mali!" Mzee akamjibu, "Kama ni kromu, mwanangu, haiharibiki." Tone likawa jekundu. Biashara ikaishia hapo.

Kuhusu ladha sina mjadala. Kromu ikae kwenye usukani, rimu, eksozi na kengele ya baiskeli. Tangi lenye kromu ni ushamba. Boliti za injini zenye kromu ni ushamba wa mtu mwenye hela.

Rimu za baiskeli za Raleigh na bampa za magari ya zamani zilikuwa na kona safi. Dawa iliyozichovya, ile ya kromu yenye sumu kali, imewatoboa wafanyakazi kuta za pua na kuwaletea saratani ya mapafu, na Ulaya tangu Septemba 2017 haitumiki bila kibali maalumu. Inayochukua nafasi yake mara nyingi hutoa rangi yenye giza kidogo. Sababu naikubali. Rangi siikubali.

Ukishapata kipande kizuri, stilwaya isikiguse. Chukua ile karatasi ya fedha ya ndani ya pakiti ya sigara, ilowanishe maji, usugue taratibu. Alumini ni laini kuliko kromu, kwa hiyo inatoa kutu bila kuchuna. Kutu ikirudi palepale baada ya wiki mbili, nikeli imetoboka. Kirudishe dukani kama bado una risiti.