Hoja Iliyojificha Aya ya Mwisho

Swali lilimtaka mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ajadili jinsi Elimu ya Kujitegemea ilivyobadilisha shule za msingi Tanzania, 1967 hadi 1977. Rasimu yake ilianza na sentensi ambayo wahadhiri wameisoma mpaka wamechoka: elimu ni ufunguo wa maisha. Ikafuata aya nzima ya utoto wa Mwalimu Nyerere kule Butiama, kisha Azimio la Arusha. Waraka wenyewe wa Nyerere wa Elimu ya Kujitegemea, wa Machi 1967, ulisubiri hadi ukurasa wa tatu.

Lakini tazama aya ya mwisho: "Wanafunzi walilima mashamba ya shule, ila mtihani wa kumaliza shule ya msingi uliendelea kuchuja wachache wa kwenda sekondari, kwa hiyo wazazi wengi waliuthamini mtihani kuliko jembe." Insha iko hapo! Kabla ya hapo mwandishi alikuwa akiitafuta, na hakuna ubaya wowote, kwa sababu kazi ya rasimu ya kwanza ni kutafuta. Kinachowaangusha wengi ni kuikusanya ikiwa hivyo hivyo, usiku wa kuamkia siku ya mwisho.

Sentensi ile ikapandishwa hadi aya ya kwanza, na kila aya ikaulizwa inaisaidiaje. Butiama ikatoka. Azimio likabaki na mstari mmoja. Mashamba ya shule, yaliyokuwa yametajwa juu juu, yakapewa ukurasa mzima.

Ndipo ugumu ulipoanza. Novemba 1974, kwa Azimio la Musoma, chama tawala TANU kiliamua elimu ya msingi kwa wote ifikiwe 1977 badala ya 1989, na kikataka kazi na mwenendo wa mwanafunzi vihesabiwe pamoja na mitihani. Ushahidi huo unaipiga hoja yake kifuani. Wanafunzi wengi huuruka wakiogopa kupoteza alama, kumbe neno "jadili" linaomba kitu hicho hasa: kupima upande wa pili mbele ya msomaji. Huyu aliukabili, akapunguza dai lake. Sasa anasema mtihani ulibaki peke yake kama mchujo hadi 1974, na kwamba hata baada ya hapo mlango wa sekondari ulibaki mwembamba.

Na "wazazi wengi" je? Nani aliwahesabu? Hakuwa na chanzo, akaifuta sehemu hiyo ya sentensi. Naipenda hatua hii kuliko zote, maana sentensi ilikuwa tamu na kuiacha kunauma. Msomaji makini angeanzia hapo hapo kuitilia shaka insha yote.

Kuhusu marejeo sina mengi: andika mwandishi, mwaka na ukurasa palepale unaponakili. Ukisubiri, maneno ya mtu mwingine yatageuka yako bila kukusudia, na chuo kitasema huo ni wizi wa kitaaluma.

Hoja ilipohamia mwanzo, hitimisho likabaki tupu. Hakulijaza kwa kurudia aliyokwisha kuyasema. Alipiga hatua moja mbele: nafasi za sekondari hazikuongezeka kwa kasi ya shule za msingi, kwa hiyo kadiri watoto walivyozidi kumaliza msingi, ndivyo mchujo ulivyozidi kubana. Hilo halikuwemo kabisa katika rasimu ya kwanza.